Zamu ya Bi Mize

Bi Mize alikuwa amekwisha kuzikwa siku kumi na tatu, na mtambo ulikuwa bado unasema yu hai.

Mwatima, Msajili wa Wakazi wa Kisiwa cha Jiweni, alikisoma kioo mara tatu. Kisha akafanya kile anachofanya kila mwenye akili timamu mbele ya mashine inayosema uongo: akaipiga kofi ubavuni. Haikubadilika kitu. Wakazi sitini. Akashuka na orodha jina kwa jina mpaka akamfikia marehemu. Mize binti Khatibu, umri miaka tisini na tatu, amepita njia ya kisimani saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi. Yupo.

Hayupo, jamani. Mwatima mwenyewe ndiye aliyemkosha yule bibi, akamfunga kidevu, akamkunja mikono. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani wa kuapa kwamba Bi Mize hayupo, alikuwa yeye.

Jiweni, kwa asiyekijua, si kisiwa cha kujivunia. Kwenye ramani utadhani nzi amejisaidia hapo. Kiko kusini kabisa, siku tano kwa meli kutoka bandari ya karibu, kule ambako upepo haupumziki na mti hausimami. Ni mlima mmoja mweusi uliopasuka, kisima kimoja, mabonde mawili ya viazi, na ndege wa baharini wasiohesabika. Madola mawili yalikigombea miaka themanini, na wala hakuna hata moja lililokitaka chenyewe. Yalitaka madini yaliyolala chini ya bahari inayokizunguka. Redio ya Shirikisho ilikuwa ikisoma hali ya hewa ya “wilaya yetu ya Jiweni”, redio ya Jamhuri ikisoma ya “mkoa wetu wa Jiweni”, na zote mbili zikikosea, maana watu walikuwa wakiloa chapachapa siku zile walizoahidiwa jua.

Mwishowe Mahakama ya Bahari ikakata shauri. Jiweni kitajitawala chenyewe, kwa Baraza lake la watu saba na Msimamizi wake, na bahari yake kitakuwa nayo, maadamu kinakaliwa na watu wasiopungua sitini. Wakipungua asubuhi tatu mfululizo, kisiwa kitahesabiwa kuwa jiwe tupu, bahari itagawanywa katikati, na waliobaki watahamishwa. Karatasi Mahakama haikuziamini tena, kwa sababu dola moja liliwahi kupeleka daftari la wapigakura elfu nne kutoka kisiwa chenye mapaa thelathini. Basi wakaleta Shahidi.

Shahidi ni waya uliozikwa chini ya njia zote za kisiwa. Haoni sura wala hasikii sauti. Anasikia mwendo: jinsi mtu anavyouegemeza uzito wake, urefu wa hatua yake, unyayo unaotangulia kugusa, mahali anapopumzika. Kila mkazi ana mwendo wake umehifadhiwa, na kila asubuhi Shahidi anaipelekea Mahakama idadi ya aliowasikia. Watoto wachanga huandikwa kwa cheti cha daktari mpaka waanze kutembea. Mafundi walisema watu wawili hawawezi kufanana mwendo, na mahali pengine popote wangekuwa wamesema kweli.

Lakini Jiweni wana zamu. Watu wa kwanza wa kisiwa hiki walikuwa walinzi wa mnara wa kupimia mawimbi ya bahari, ambao kampuni yao ilifilisika ikawasahau huko huko. Mmoja wao aliteleza akachukuliwa na bahari, mwili haukuonekana. Mkewe akavaa mabuti yake akatembea mzunguko wake wa ulinzi siku arobaini, ili mume ajue kwamba zamu yake haikuachwa wazi, alale. Tangu hapo kila anayekufa hutembelewa njia yake na mtu wa nyumba yake, kwa viatu vyake, kwa mkongojo wake, saa ile ile aliyozoea. Na si kutembea ovyo. Ukikosea hatua wazee wanakurudisha mwanzo. Watoto wa Jiweni hujifunza kuiga miendo ya watu kama wengine wanavyojifunza nyimbo. Siku ya arobaini viatu vinachomwa, Msajili anakata jina, watu wanakula, na marehemu anaachwa apumzike.

Mwatima alitoka akasimama mlangoni. Kwenye njia ya kisimani alikuwa anapanda Raya, mjukuu wa Bi Mize, msichana wa miaka kumi na tisa aliyelelewa na bibi yake tangu wazazi wake walipohamia bara. Alivaa mabuti ya bibi, ndoo nusu mkono wa kulia, mkongojo wa kushoto. Mguu wa kushoto akiuburuta, maana Bi Mize alivunjika nyonga zamani na hakupona sawasawa. Kwenye jiwe la tatu akasimama, akashika kiuno, akavuta pumzi, akaendelea. Ilikuwa Bi Mize mtupu. Mtoto hakuwa na hila yoyote. Alikuwa anamlilia bibi yake kwa miguu.

Na baadaye mchana angevaa viatu vyake, akakimbia huku na huku kama kawaida yake, na Shahidi angemhesabu tena kuwa Raya. Mwili mmoja, watu wawili.

Mwatima alimpelekea habari hiyo Msimamizi, Bwana Faki, aliyekuwa kibarazani anamenya viazi. Faki hakushtuka. Alimenya viazi viwili vizima kabla ya kujibu. Alisema sheria imeandika kwamba Shahidi ndiye atakayehesabu, haikuandika kwamba wao wamkosoe. Tena Hidaya alikuwa na mimba ya miezi minane. Kabla arobaini haijafika mtoto atakuwa duniani, na sitini itakuwa sitini ya haki.

“Siku ishirini na saba tu, Mwatima,” alisema. “Hatujamdanganya mtu. Tunaendelea na mila yetu.”

Mwatima akaona ni kweli, akaenda zake. Siku hiyo alilala usingizi mzuri, na hilo lilikuja kumuuma kuliko mengine.

*

Mtoto wa Hidaya alizaliwa siku ya thelathini na sita, na hakulia. Wakamzika ubavuni mwa mlima, kaburi dogo la mawe meusi.

Siku ya arobaini watu walikusanyika kisimani. Moto ulikuwa umewashwa. Raya alikuwa ameosha mabuti ya bibi yake, akayapaka mafuta, amesimama nayo kifuani. Desturi ni kwamba Msajili ndiye anayesema zamu imekwisha, kisha viatu vinatupwa motoni. Faki alikuwa anaangalia chini. Wengine wote walikuwa wanamwangalia Mwatima.

Akawatazama na yeye. Wazee ambao hawajawahi kuona nchi nyingine. Watoto wanaochezea majivu. Hidaya ameketi juu ya jiwe, kifua kimefungwa kwa kanga ili maziwa yakauke. Mwatima akawaza: nikisema neno lile, baada ya asubuhi tatu wote hawa watapandishwa melini, na huyu atamwacha mtoto wake wa siku nne kwenye jiwe la watu wengine.

“Bi Mize hajamaliza zamu,” akasema.

Raya alimtazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa asijue linatoka upande gani.

“Mpaka lini, shangazi?” akauliza, maana ndivyo vijana wote wa kisiwa walivyomwita Msajili.

“Mpaka mtu azaliwe.”

Raya akainama, akavaa mabuti. Mtu mmoja akachota maji akauzima moto, na wote wakarudi majumbani bila kula.

Ningekuwa na uwezo wa kuirudisha siku moja tu ya Jiweni, ningeirudisha hiyo. Mwatima naye angesema hivyo hivyo. Maana kulisema jambo mara ya kwanza ndiyo kazi. Mara ya pili ulimi umekwisha kuzoea.

*

Ikapita miaka saba. Watoto walizaliwa wawili, lakini waliokufa walikuwa wanne, na vijana wawili walipanda meli ya vifaa wakasema wanakwenda kutembea, hawakurudi. Kila msiba Mwatima alisema maneno yale yale, na kila mara yalimtoka kwa wepesi zaidi. Sasa watu watano walikuwa wanawatembelea marehemu watano, na hapakuwa tena na arobaini wala moto. Watu waliacha hata kusema “marehemu”. Walisema fulani yuko kwenye zamu.

Raya alitimiza miaka ishirini na sita. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa inamuuma, kwa sababu mwili haujui kama unaigiza. Alikuwa ameomba mara mbili kwenda bara kusomea uuguzi. Mara zote mbili Mwatima alimjibu, kwa upole kabisa, kwamba akiondoka yeye wanaondoka wawili. Ilikuwa kweli, na Mwatima aliitumia kweli hiyo kama kufuli. Mara ya tatu Raya hakuomba.

Ndipo ikaja barua ya Mahakama ya Bahari. Ilisema kwamba kwa furaha kubwa wamegundua kuwa Bibi Mize binti Khatibu ametimiza miaka mia moja na bado anakwenda kisimani kila asubuhi kwa miguu yake. Mkaguzi angekuja kumkabidhi zawadi.

Barua iliposomwa Barazani watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha mmoja akaacha, na mwingine, na wakabaki wanatazamana.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Tusekile, mwenye koti zito na uso uliopauka kwa kuchafukwa na bahari. Alikuwa mtu wa adabu. Alimsalimu kila mtu, akasifu viazi, akaulizia afya za watoto kwa majina. Faki alimweleza kwamba bibi amechoka sana, haonani na wageni, zawadi wangempelekea wao. Bi Tusekile akasema asingependa kumsumbua mzee wa watu. Ila Shahidi ameonyesha kwamba saa kumi na mbili na dakika nane bibi huwa njiani, basi yeye atasimama pale kisimani, amwamkie tu, atosheke.

Asubuhi ile Mwatima alisimama karibu na mkaguzi, Faki upande wa pili, na nyuma yao nusu ya kisiwa ikijidai kuja kuchota maji. Raya akatokea. Alikuwa amejifunika shuka mpaka kwenye nyusi, mgongo ameukunja, mguu unaburutwa. Alipofika kwenye jiwe la tatu akasimama, akashika kiuno, akavuta pumzi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alipofika mbele yao, Bi Tusekile akapiga goti kidogo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

Sauti ile Mwatima alikuwa hajaisikia kwa miaka saba.

Bi Tusekile akaushika mkono uliokuwa juu ya mkongojo, akaufunika kwa mikono yake miwili. Akakaa nao. Ulikuwa mkono wa msichana, umechubuka kwa kazi lakini laini mgongoni, bila kunyanzi hata moja. Akaupapasa kwa kidole gumba, taratibu, kisha akageuza kichwa.

“Bi Msajili,” akasema, “kuna jambo lolote ungependa kuniambia? Nipo hapa mpaka adhuhuri.”

Alisema kwa wema. Hilo ndilo lililomtesa Mwatima baadaye, kwamba hakutishwa. Mlango ulifunguliwa wazi, na mtu akausimamia ili apite. Alijua maneno yenyewe: huyu ana miaka ishirini na sita, na kosa ni langu. Alijua pia kwamba akiyasema, ile meli iliyotia nanga pale chini itakuwa ya kwanza kati ya nyingi. Akaona macho ya Faki. Akaona Hidaya, ambaye mpaka leo kila Ijumaa hupanda mlimani kufagia kaburi. Na ndani ya shuka akayaona macho ya Raya, yanamwangalia yeye peke yake. Hayakuwa yanamsihi anyamaze.

“Hakuna, Bi Mkaguzi,” Mwatima akasema.

Bi Tusekile akauachia ule mkono. Akafungua bahasha ya cheti, akakunjua blanketi jipya la sufu, akamfunika nalo Raya mabegani mwenyewe. Akasema Mungu amzidishie bibi umri. Kwenye fomu yake akaandika maneno machache, akatia sahihi, na adhuhuri haikumkuta kisiwani.

*

Kesho yake asubuhi Shahidi akasema: hamsini na tisa.

Wazo la kwanza la Mwatima lilikuwa kwamba Raya amegoma, na moyoni, nasema kweli, alifurahi kidogo. Alfajiri nzima alikuwa akijiambia kwamba mtoto akigoma, basi, na iwe. Akashuka na orodha. Mize binti Khatibu, saa kumi na mbili na dakika nane. Yupo. Akaendelea kushuka. Raya binti Omari: tangu jana asubuhi hajasikika. Hayupo.

Alifunga ofisi akaenda karibu kukimbia. Alimkuta Raya uani anawamwagia kuku makombo, amevaa gauni lake na viatu vyake mwenyewe. Akamuuliza kama tangu jana alibaki ndani. Raya akashangaa. Alikuwa amekwenda dukani, bandani, kwa Hidaya, kote.

“Hebu nenda mpaka kwenye ukuta, urudi.”

Raya akaenda. Bila mabuti, bila mkongojo, bila mtu wa kumtazama ila shangazi yake na kuku. Mguu wa kushoto uliburuta. Akafika katikati ya ua akasimama, akashika kiuno, akavuta pumzi, akaendelea.

Shahidi hatoi jibu la ndiyo na siyo tu. Kando ya kila jina kuna safu ndogo inayoonyesha, kwa mia, jinsi mwendo aliousikia unavyolingana na ule aliouhifadhi. Chini ya sabini mtu hahesabiwi. Mwatima aliporudi kuitazama baadaye aliikuta yote: tisini na nne mwaka ule wa kwanza, tisini, themanini na tatu, sabini na sita, sabini na moja. Jana, sitini na tisa. Miaka saba safu ile ilikuwa mbele ya macho yake kila siku ya Mungu, na hakuwahi kuitupia jicho. Yeye alikuwa anatazama jumla.

“Tembea kama wewe,” alimwambia Raya pale uani.

Raya akajaribu. Akanyoosha mgongo, akainua mguu, akapiga hatua mbili ambazo hazikuwa za mtu yeyote, na ya tatu ikaburuta. Akajaribu tena. Akakaza meno akajaribu tena, na nyonga ikamkatalia.

“Nilikuwa natembeaje, shangazi?”

Hakuuliza kwa hasira. Afadhali angekasirika, angemtukana, Mwatima angepata pa kushika. Aliuliza kama mtu aliyeweka kitu chake mahali na sasa hakioni.

Mwendo hauelezeki kwa maneno. Mwatima akafanya lile alilolijua tangu utotoni. Akafumba macho, akamtafuta yule msichana wa miaka kumi na tisa, akamwona. Akainua pindo la gauni, akaondoka. Bega la kulia mbele. Vidole vikigusa kabla ya kisigino. Hatua fupi za haraka, za mtu anayechelewa mahali pazuri. Akashika njia ya kisimani, mawe akiyaruka badala ya kuyazunguka, dimbwi akalipita katikati, akafika, akageuka kwa mguu mmoja, akarudi. Hakukosea hata hatua moja. Ndani ya miguu yake alisikia haraka aliyokuwa nayo yule mtoto, hamu ya kwenda, kwenda popote, mpaka akatamani kukaa chini njiani.

Raya alikuwa ameegemea mwimo wa mlango. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa.

“Ndiyo,” akasema. “Ndivyo nilivyokuwa.”

Wakajaribu pamoja, mmoja mbele mmoja nyuma, mpaka nyonga ya Raya ikashindwa kabisa na Mwatima akamketisha. Akampaka dawa ya kuchua. Akamwambia kwamba atamwandikia Bi Tusekile, leo hii, barua yenye kila kitu. Raya akatikisa kichwa kuonyesha amesikia.

Alipofika ofisini kuchukua kalamu, kioo kilisema sitini.

Raya binti Omari. Amepita njia ya kisimani saa mbili na dakika kumi na nne. Yupo. Na pembeni, kwenye ile safu ndogo: tisini na sita kwa mia.

Faki aliingia anahema, amekwisha kusikia kwamba hesabu imepungua. Alipoiona namba alimshukuru Mungu, akakaa, akajipepea kwa kofia, akauliza kulikuwa na nini. Mwatima akasema hajui, labda waya. Faki akasema waya huo wa zamani utawaua kwa presha siku moja, na akaenda zake kuwatuliza watu.

Mwatima alibaki na karatasi mezani. Aliandika “Kwa Bi Mkaguzi”, akaandika tarehe. Alikaa hapo mpaka jua likahama dirishani. Hakuwa anatafuta maneno. Maneno alikuwa nayo tangu jana.

Raya ndiye aliyemwondoa katika kukaa huko. Alimsikia kabla ya kumwona, mguu mmoja na mwingine unaoburuzwa, mpaka mlangoni. Hakuitazama karatasi. Alikuwa miguu mitupu, na mkononi ameshika viatu vyake, amevifuta vumbi na kuvifunga kamba.

“Utavihitaji kesho,” alisema. “Kwa hivyo vyako utakosea.”

Akavinyoosha mbele. Na Mwatima, Mungu amsamehe, akavipokea kwa mikono miwili.